Wavu wa Kuopolea Usiong'ang'ania Ndoana

Kabla magari hayajajaa Barabara ya Bibi Titi Mohamed, wavuvi wa mshipi huonekana wakikatiza Mnazi Mmoja kuelekea Feri. Mmoja hubeba ndoo ya chambo, mwingine kibao kilichozungushiwa mshipi, wa tatu mfuko wenye maji ya kunywa na mkate. Hawa si watu wa majarife wala wa vyombo vikubwa vyenye mabaharia wengi. Ni wawili au watatu ndani ya ngalawa, na kipato chao cha siku hutokana na samaki wachache wazuri watakaofika mnadani wakiwa na sura ya kumvutia mnunuzi.

Kwa mvuvi wa namna hiyo, sehemu ya hatari katika kazi nzima ni fupi mno: urefu wa mkono mmoja kati ya uso wa maji na ukingo wa chombo. Samaki amekwisha kula chambo, amevutwa kutoka chini, amechoka, anaonekana. Hapo ndipo hupotea. Uzito wake, ambao maji yalikuwa yakiubeba, huuangukia mshipi wote kwa mara moja. Mdomo wa changu hupasuka, au ndoana hufyatuka. Ndiyo sababu baadhi ya wavuvi hutumia wavu wa kuopolea, yaani ule wavu mdogo wa mfuko uliofungwa kwenye duara la chuma au alumini na kutiwa mpini. Wavu huo huokoa samaki wengi. Ukichaguliwa vibaya, huleta balaa jingine: ndoana huuacha mdomo wa samaki na kuushika wavu wenyewe.

Mfano ufuatao hauhitaji kuelezwa mara mbili kwa mtu aliyewahi kuvua. Ngalawa imetia nanga penye mwamba, kusi imeanza kuvuma, na mshipi una ndoana tatu zilizofungwa kwa vigwe vifupi juu ya chubwi. Kolekole ameshika ndoana ya chini. Kijana anateremsha wavu, na ndoana ya kati, isiyo na samaki, inanasa upande wa nje wa mfuko kabla kolekole hajaingia.

"Mjomba, usivute! Ndoana ya juu imekamata neti."

"Mimi sivuti, mwanangu. Anayevuta ni samaki."

Kolekole anajizungusha mara mbili na kuondoka zake. Wanaobaki ni watu wawili wameinamia mfuko wa nailoni, ndoana zimezama ndani ya nyuzi, huku kundi lililokuwa chini ya chombo likiendelea na safari yake. Kundi la samaki wanaokula halisubiri mtu afumue wavu. Dakika za kufumua ndizo dakika za kuvua, na ndizo pia dakika ambazo ndoana hupata njia ya kwenda kwenye kidole.

Kwa nini ndoana hunasa

Watu wengi hudhani kwamba wavu hunasa ndoana kwa sababu ni dhaifu, hivyo huchagua wenye uzi mnene zaidi wa nailoni. Unene wa uzi si jambo kuu. Yapo mambo matatu yanayofanya kazi kwa pamoja: ukubwa wa jicho la wavu, aina ya uzi, na fundo.

Jicho likiwa kubwa kuliko uwazi uliopo kati ya shina la ndoana na ncha yake, ndoana nzima hupita, hugeuka upande wa pili, na kurudi kushika uzi kwa nyuma. Ndoana iliyopita hivyo haitoki kwa kuvutwa. Ni lazima irudishwe njia ile ile iliyoingilia, kazi ambayo ni ngumu samaki akiwa bado anapigapiga. Jicho likiwa dogo kuliko uwazi huo, ndoana haiwezi kupita. Huishia kugusa kwa ncha tu, na ncha peke yake hutolewa kwa urahisi zaidi.

Uzi wa nailoni uliosokotwa una nyuzi ndogondogo nyingi ndani yake. Ncha ya ndoana huzipenya, kisha kile kijino kinachoelekea nyuma, ambacho kazi yake ni kuzuia ndoana isitoke mdomoni mwa samaki, huzuia vilevile isitoke kwenye uzi. Ndoana haina akili ya kutofautisha mdomo na wavu. Nalo fundo, pale nyuzi mbili zinapokutana, huwa kama kabari: ncha ikiingia kati ya mikunjo yake, kila mtikisiko wa samaki huikaza zaidi.

Hayo yakifahamika, uchaguzi huanza kuwa rahisi. Unatakiwa wavu wenye macho madogo kuliko ndoana, uzi ambao ncha haiwezi kuupenya kwa kina, na viungo visivyo na mafundo.

Aina zinazopatikana

Mfuko wa nailoni wenye mafundo ndio wa bei nafuu, ndio mwepesi, na ndio unaonasa kuliko yote. Haufai kwa mshipi wenye ndoana zaidi ya moja. Unaweza kumfaa anayetumia ndoana moja kubwa yenye kigwe kirefu, lakini hata huyo atajuta siku atakapobadili mtindo.

Mfuko wa nailoni usio na mafundo, ambao macho yake yamefumwa kwa kuunganishwa, ni hatua nzuri mbele. Hunasa kidogo zaidi ya inavyotakiwa kwa sababu uzi bado unapenyeka, ila ndoana hutoka bila kufumua sana. Kwa mvuvi mwenye fedha kidogo hii ndiyo chaguo la busara.

Upo wavu wa nailoni uliochovywa mpira au plastiki laini. Mchovyo huo hufunika nyuzi ndogondogo na kuufanya uzi uwe mgumu kiasi, hivyo ncha huteleza. Kasoro yake ni kwamba mchovyo huchubuka. Wavu uliochubuka hurudi kuwa nailoni ya kawaida bila mwenyewe kutambua, hadi siku ndoana itakapomkumbusha.

Wa mwisho ni ule wa mpira au silikoni tupu, wenye nyuzi nene zilizomwagwa kwa kalibu pamoja na macho yake. Ndoana haina pa kushika: hauna nyuzi za ndani wala fundo, na uzi wake ni mnene kuliko ncha inavyoweza kuuzunguka. Ncha ikichoma mpira, huchomolewa kama sindano kutoka kwenye kiazi. Kwa swali la kunasa peke yake, huu ndio mshindi. Lakini ni mzito, mkono huchoka, na majini huburuzika polepole kwa sababu ya unene wake. Bei yake pia iko juu ya nyingine. Mtu anayevua changu wadogo wa robo kilo hana sababu ya kuununua.

Wapo wanaotandika chandarua ndani ya mfuko wakiamini kwamba macho madogo sana yatazuia ndoana. Haizuii. Uzi wa chandarua ni mwembamba kiasi kwamba ndoana hupita moja kwa moja na kupasua, kisha mabaki hujisokota kwenye kijino. Zaidi ya hayo chandarua kina dawa ya kuua mbu, na mahali pake ni kitandani, hasa katika jiji ambalo malaria bado ni ugonjwa wa kila mwaka.

Inafaa kukumbuka kwamba kila wavu wa mkono ulizaliwa kwa kazi yake. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika wana lusenga, wavu mkubwa wa mkono wanaouchotea dagaa usiku kwenye mwanga wa taa. Lusenga una macho madogo sana na haumsumbui mtu, kwa kuwa katika uvuvi ule hakuna ndoana hata moja. Mvuvi wa Feri akiuiga kwa sababu ameona unafanya kazi Kigoma, atakuwa amechukua jibu la swali jingine.

Kujaribu kabla ya kulipa

Wapo watakaosema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ina ukweli wake shambani, ila aliyeitunga hakuwa ameshika mshipi wenye ndoana tatu. Katika maduka ya zana za uvuvi na yale ya vifaa mchanganyiko ya Kariakoo, mteja anaweza kuuomba wavu huu kwa maelezo ya kawaida tu: neti ndogo yenye mpini, ya kuopolea samaki wa ndoana. Jambo la maana ni kwenda na ndoana zake mwenyewe, zikiwa zimechomekwa kwenye kipande cha kizibo au sponji ili zisimchome yeye wala abiria wenzake.

Wavuvi huomba ndoana kwa namba, na namba hizo huwachanganya wanaoanza. Namba ya kawaida ikizidi kuwa kubwa, ndoana huwa ndogo: namba 10 ni ndogo kuliko namba 6. Zile zinazoandikwa kwa mkwaju na sifuri, kama 2/0 na 4/0, huenda kinyume chake, zikikua kadiri namba inavyokua. Kwa kuwa viwanda hutofautiana kidogo, kumtajia muuzaji namba hakutoshi. Ndoana yenyewe ndiyo kipimo.

Jaribio ni hili. Mteja aishike ndoana ndogo kuliko zote anazotumia, aipitishe kwenye jicho la wavu bila kulazimisha. Ikipita yote na kugeuka upande wa pili, wavu huo haumfai. Isipopita, aichomeke ncha kwenye uzi kwa upole, aivute nyuma, atazame kama inatoka kwa mkono mmoja. Aitumie ndoana ndogo kwa jaribio hili, si kubwa, kwani ndogo ndiyo inayopita. Muuzaji mwema hukubali jaribio la namna hii mradi mteja hachani wavu. Asiyekubali amekwisha kutoa jibu.

Kisha atazame umbo la mfuko. Mfuko mrefu unaoning'inia kama soksi humfunika samaki kwa mikunjo mingi, na kila mkunjo ni nafasi nyingine ya ndoana kunasa. Mfuko wenye kitako bapa, usio na kina kikubwa, humfanya samaki alale ubavu na ndoana ibaki ikionekana. Samaki hatatoroka kwa sababu mfuko ni mfupi, ikiwa duara ni pana. Upana wa duara uzidi urefu wa samaki wa kawaida anayevuliwa, au ukaribiane nao. Kina kiwe cha kumwezesha alale bila kuruka nje.

Mpini hutegemea chombo. Ngalawa na mtumbwi hukaa karibu na maji, hivyo mpini wa urefu wa mkono hadi mkono na nusu hutosha, na mpini mrefu zaidi humgonga mwenzako kichwani. Mashua na boti zenye ukingo wa juu huhitaji mrefu. Mahali mpini unapoungana na duara ndipo panapovunjika kwanza. Paangaliwe kwa macho mawili, kwa kuwa maji ya chumvi hula chuma cha kawaida haraka, hasa penye maungio ya kuchomelea. Anayependa kutengenezewa duara na mafundi wa Gerezani aombe chuma kisichoshika kutu, au akubali kulipaka rangi mara kwa mara. Ncha za waya zisiachwe zikichomoza ndani ya duara, maana hizo nazo hushika mshipi.

Jambo moja la kuepuka kununua wavu bure: si kila samaki anauhitaji. Changu mdogo au tasi huvutwa na kuingizwa chomboni kwa mshipi. Jodari mkubwa au sulisuli hauwezi kumtia katika duara lolote la mkono, na wavuvi huwapandisha kwa kulabu. Wavu wa kuopolea ni wa wale wa kati, kama vile kolekole, chewa na changu wakubwa, hasa panapotumika mshipi mwembamba.

Namna ya kuutumia

Wavu mzuri huharibiwa na mkono wenye pupa. Kosa kubwa ni kumkimbiza samaki kwa wavu kama mtu anayemfukuza kuku. Samaki akiguswa mkia huenda mbele kwa nguvu zake zote za mwisho, na ndoana zilizo tupu hupita juu ya duara. Njia iliyo sahihi ni kuuzamisha wavu mapema, ukiwa umetulia, kisha anayevuta mshipi amlete samaki juu ya duara akitanguliza kichwa. Samaki hawezi kurudi nyuma kwa kasi. Akianza kukimbia, hukimbilia ndani ya mfuko.

Kwa mshipi wenye ndoana kadhaa, anayevuta akusanye kigwe cha juu mkononi kabla samaki hajafika kwenye wavu, ili ndoana zisizo na samaki ziwe nje ya maji na mbali na duara. Tendo hili moja lingemwachia yule mjomba kolekole wake. Samaki akiisha kuingia, mshipi ulegezwe mara moja. Kuendelea kuuvuta ndiko kunakoikaza ndoana kwenye mfuko. Wavu upandishwe ukiwa wima, mpini ukielekea juu, mkono wa pili ukishika duara. Kuunyanyua ukiwa umelala kama upawa hukunja mpini, na kwa bahari ya kusi huweza kumtoa mtu chomboni.

Ndoana ikinasa licha ya tahadhari zote, ishughulikiwe samaki akiwa amekwisha kutolewa au kutulizwa, kwa plaisi ya mdomo mrefu, si kwa vidole. Ikigoma, ikatwe. Ndoana ni kitu cha bei ndogo, na mvuvi anayeogopa kuipoteza hupoteza saa nzima ya maji mazuri.

Ndoana ikiingia mwilini na kijino chake kikazama, haifai kuivuta kwa nguvu. Mshipi ukatwe, jeraha lioshwe kwa maji safi, ndoana ifungwe isitikisike, na mtu apelekwe kituo cha afya au hospitali iliyo karibu, kama ile ya Mnazi Mmoja, akaeleze ni lini mara ya mwisho alichanjwa pepopunda. Ndoana iliyo karibu na jicho haiguswi kabisa na mtu asiye mganga.

Samaki wanaorudishwa majini

Wavu usionasa ndoana una faida nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. Mwili wa samaki umefunikwa na ute unaomkinga na maradhi. Fundo la nailoni huukwangua ute huo na kuchana mapezi. Katika uchunguzi uliofanyika Kanada na kuchapishwa mwaka 2003, watafiti walilinganisha aina nne za nyavu za kuopolea: wa mpira, wa nailoni usio na mafundo, na mbili zenye mafundo, moja ya macho madogo na nyingine ya macho makubwa. Nyavu zenye mafundo ziliwaumiza samaki zaidi. Samaki walioshikwa kwa mkono bila wavu wowote ndio waliosalimika vizuri kuliko wote. Samaki waliochunguzwa walikuwa wa maji baridi, lakini ute na pezi ni vilevile baharini.

Kwa hiyo samaki mchanga anayestahili kurudishwa, kama inawezekana, aachiwe ubavuni mwa chombo bila kuingizwa kwenye wavu. Akiwa amekwisha kuingia, ashikwe kwa mikono iliyolowa. Kwa samaki wa sokoni faida ni ya namna nyingine: changu asiyechanika mapezi wala kupukutika magamba hupendeza zaidi mezani pa mnada.

Leseni na mahali pa kuuliza

Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 humtaka mvuvi awe na leseni, na mwenye ngalawa ya mshipi hakuachwa nje. Kanuni zake za mwaka 2009 zimetaja zana zilizokatazwa, zikiwamo kokoro na nyavu za uzi mmoja wa plastiki. Hivyo asitokee mtu wa kukata kipande cha wavu wa namna hiyo akakishonea duara. Akikutwa nacho chomboni, maelezo yatakuwa marefu. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini pamoja na maji yake vimehifadhiwa tangu mwaka 1975, na wavu mzuri haumpi mtu ruhusa ya kuvua humo.

Mkazi mwenye swali kuhusu leseni au zana amwone afisa uvuvi wa halmashauri, au aanzie kwa mtendaji wa kata yake ambaye atamwelekeza. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vinavyofahamika kwa herufi BMU, navyo ni mahali pazuri pa kuuliza, kwa kuwa wanachama wake ni wavuvi wenyewe na wengi wamekwisha kuharibu nyavu za kutosha kuwa walimu. Anayenunua dukani adai risiti. Bila risiti hakuna pa kuanzia mpini ukivunjika siku ya pili.

Nyumbani, wavu uoshwe kwa maji yasiyo na chumvi na kuanikwa kivulini. Jua la Dar es Salaam hukausha mpira ukapasuka na kuozesha nailoni ikawa inakatika kwa vidole. Usihifadhiwe ndani ya ndoo moja na ndoana. Wavu uliokwisha kazi ukatwekatwe na kutupwa kwenye taka za nchi kavu, kwani mfuko wa nailoni ulioachwa baharini huendelea kunasa samaki, kaa na kasa bila kuwa na mwenyewe. Duara lake la chuma linaweza kuvishwa mfuko mpya.